MULANGO WA MUNGANGA UWE WAZI KWA KILA MUTU, HATA ULE WA NDANI YA TELEFONE



Kwenye ukurasa huu wa usalama na afya tumezoea kusema juu ya kaske, botine, maske ya vumbi na maji ya kuchemsha. Leo tutasema juu ya mulango. Si mulango wa mbao wala wa chuma. Ni ule mulango ambao mugonjwa anapita siku hizi mbele hata ya kutoka nyumbani kwake: ukurasa wa intaneti wa nyumba ndogo ya afya.

Munazijua nyumba hizo. Mumoja anafanya masaji na kunyoosha viungo. Mwingine anafundisha mazoezi ya mugongo, ao anawasaidia wamama waliozaa. Mwingine tena anasikiliza watu wenye mawazo mazito, wasiopata usingizi. Ni kazi nzuri. Mutu akifungua nyumba ya namna hiyo, mutoto wake ao rafiki anamutengenezea ukurasa: jina la nyumba, picha, saa za kazi, bei, namba ya telefone. Wote wanafurahi.

Lakini jiulize: ukurasa huo unafunguka kwa nani, na unafungwa kwa nani?

NANI ANABAKI INJE?

Tuanze na sisi wenyewe, watu wa mugodi. Kelele ya desibeli 85, masaa 8 kwa siku, mwaka kwa mwaka, inatosha kuharibu masikio. Kelele ikizidi desibeli 3 tu, wakati ambao sikio linaweza kuivumilia unakuwa nusu: masaa 4. Na sikio likiharibika kwa kelele, halirudi. Dawa yake hakuna.

Sasa angalia namna sikio linavyokufa. Halifi mara moja. Sauti nyembamba zinatangulia kupotea, sauti za herufi kama s, t na f. Mutu anasikia ya kama unasema, lakini hashiki maneno. Kwa telefone ni mubaya zaidi, kwa sababu haoni midomo yako. Ukimwambia «saa sita», yeye anaweza kusikia «saa tisa». Ukurasa wenye kusema tu «Piga telefone kwa namba hii», bila njia ingine, umemufungia fundi wa kutoboa mawe mulango kwenye uso.

Wako na wengine:

– Baba wa miaka 45 ambaye macho yake hayashiki tena herufi ndogo. Ni jambo la kawaida: kuanzia miaka 40 hivi, jicho linachoka kuona karibu.
– Kipofu, na yule aliyepoteza jicho kwa chembe ya chuma ao kwa asidi.
– Mwenye kukatika vidole, ao mwenye mikono ya kutetemeka, asiyeweza kugusa fasi ndogo kwenye kioo cha telefone.
– Mama anayesoma Kiswahili vizuri lakini Kifaransa kinamushinda. Na yule asiyesoma kabisa.
– Mwenye telefone ya zamani na mega kidogo, ambaye picha kubwa zinamumalizia mega zote mbele ukurasa haujafunguka.
– Mwenye mawazo mazito. Siku hiyo kichwa hakishiki maneno marefu. Ukurasa wa kelele na picha za kurukaruka unamufukuza.

Shirika la Afya la Dunia lilihesabu mwaka 2022 ya kama watu milioni 1300 wanaishi na kilema kikubwa. Ni mutu mumoja kati ya 6. Hesabu watu wa pale kwenu kwenye kambi, nyumba kwa nyumba. Utaona ya kama hatusemi juu ya wageni. Tunasema juu ya baba, shangazi, jirani, na juu yako wewe mwenyewe kesho.

JUU YA NINI NI JAMBO LA AFYA?

Mwingine atasema: «Ukurasa wa telefone si dawa.» Kweli, si dawa. Lakini tufuate njia ya mugonjwa.

Tuseme kuna mutumishi wa miaka 52. Mugongo unamuuma tangu mwezi mumoja. Karibu na kwake kuna nyumba nzuri ya kunyoosha viungo. Anafungua ukurasa wao: picha moja kubwa ya afishe, yenye herufi ndogo za rangi ya majivu. Hasomi kitu. Anapiga ile namba, hasikii kitu. Anaacha. Anaenda kununua vidonge vya maumivu barabarani, diklofenaki ao ibuprofene, na anameza kila siku, juma kwa juma. Vidonge hivyo, vikimezwa wakati murefu bila kuangaliwa na munganga, vinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Nyumba ya matunzo ilikuwa mita 300. Kilichomukosesha matunzo si feza. Ni rangi ya herufi na namba moja ya telefone.

Kuna jambo la hatari zaidi. Maumivu ya mugongo mara nyingi yanaisha kwa mazoezi na kwa uvumilivu. Lakini mugongo ukiuma na mguu ukipoteza nguvu, ao fasi ya katikati ya mapaja ikifa ganzi, ao mutu akishindwa kukojoa ao kuzuia mukojo, hiyo si kazi ya masaji. Ni lopitalo, siku hiyo hiyo. Kila nyumba ya kutunza mugongo inapashwa kuandika onyo hilo pa kwanza kabisa. Na kama onyo limeandikwa ndani ya picha, kipofu anaweza kukosa kulisikia. Tutaona sasa ni kwa sababu gani.

TELEFONE INAWEZA KUSOMA KWA SAUTI

Wengi hawajui jambo hili. Kipofu anatumia telefone sawa na wewe. Ndani ya telefone kuna programu inayosoma kwa sauti maneno yote ya kwenye kioo. Katika telefone za Android inaitwa TalkBack, katika iPhone inaitwa VoiceOver; zote mbili ziko tangu mwaka 2009. Kwa ordinatere kuna NVDA, ambayo ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili vipofu wa Australia, Michael Curran na James Teh, kwa sababu programu za namna hiyo zilikuwa za bei kali.

Programu hizo zinasoma maandishi. Afishe iliyopigwa picha, kwao, si maandishi ya kweli. Mara nyingi ni picha tu. Ndiyo sababu ukurasa unaweza kujaa maneno kwa macho yako, na kuwa kimya kwa kipofu.

Hapa karibu yetu, Kenya, kuna shule ya vipofu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 1946 na Jeshi la Wokovu. Tangu mwaka 2009 shirika linaloitwa inABLE limekuwa likifundisha watoto wasioona kazi ya ordinatere, na lilianzia pale Thika. Watoto hao wanaandika, wanatafuta habari, wanatuma barua. Kwa hiyo usiseme tena: «Kipofu atafanya nini na intaneti?» Uliza: «Ukurasa wangu utafanya nini kipofu akifika?»

KANUNI ZIKO TAYARI

Hatuhitaji kuvumbua kitu. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni kurasa za intaneti mwaka 1989 alipokuwa anatumika Geneva, alisimamisha mwaka 1994 baraza la kulinda kanuni zake, linaloitwa W3C. Mwaka 1997 baraza hilo lilianza kazi ya kutafuta namna kila mutu, hata mwenye kilema, atumie kurasa hizo. Kanuni za kwanza zilitoka mwaka 1999, za pili mwaka 2008, kisha zikaongezwa mwaka 2018 na mwaka 2023. Tangu zile za mwaka 2008, zinasimama juu ya mambo manne:

1. Ukurasa uonekane ao usikike.
2. Ukurasa utumike, hata bila macho mazuri ao mikono mizuri.
3. Ukurasa ueleweke.
4. Ukurasa usomeke na mashini za kila namna, mupya na ya zamani.

Na kwetu Kongo, inchi iliingia mwaka 2015 katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye kilema. Tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 ilitoka sheria nambari 22/003 ya kuwalinda na kuwaendeleza watu hao. Kwa hiyo kufungua mulango si huruma tu. Ni haki yao.

MAMBO TISA YA KUFANYA

Wewe mwenye nyumba ya afya, ao wewe kijana mwenye kumutengenezea ukurasa, fuata haya moja moja.

1. Andika maneno, usiweke picha ya maneno. Saa za kazi, bei, fasi ya nyumba, onyo la hatari: vyote viwe maandishi ya kweli. Faida ni mbili. Programu ya sauti itasoma, na mega hazitaisha. Picha moja ya telefone inaweza kula mega 2 ao 3. Maneno yale yale hayafiki hata sehemu moja ya mia ya mega moja.

2. Kila picha ya maana ipewe maneno yake. Kuna fasi ya kuandika maneno hayo nyuma ya picha; macho hayayaoni, lakini programu ya sauti inayasoma. Usiandike «picha 1». Andika: «Mulango wa kijani wa nyumba yetu, hatua mbili za kupanda, upande wa kuume wa butiki ya mukate.»

3. Rangi ziachane vizuri. Kanuni inasema mwangaza wa maandishi na wa nyuma yake uachane mara 4 na nusu kwa moja. Kwa herufi kubwa, mara 3 kwa moja. Kuna programu za bure za kupima. Nyeusi juu ya nyeupe ni sawa kabisa. Majivu juu ya nyeupe hapana. Tena usiseme kwa rangi peke yake. «Siku nyekundu tumefunga» haitoshi, kwa sababu kuna watu, zaidi wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Andika: «Siku ya Mungu tumefunga.»

4. Herufi zikubali kukua. Mutu akifungua vidole viwili juu ya kioo, herufi ziongezeke mara mbili bila maneno kukatika. Mafundi wengine wanazuia jambo hilo ili ukurasa ubaki na sura nzuri. Kijana, usizuie.

5. Sema kwa lugha ya watu, na taja lugha yenyewe. Andika Kiswahili na Kifaransa, kwa maneno mafupi. Lakini kuna siri ndogo: ndani ya ukurasa kuna alama ya kuambia mashini lugha gani inatumiwa. Alama ya Kiswahili ni herufi mbili, sw. Ya Kifaransa ni fr. Ukiisahau, programu ya sauti inaweza kusoma Kiswahili chako kwa kinywa cha Kifaransa, na hata mwenyeji wa Kikula hatasikia neno. Kwa yule asiyesoma, weka sauti fupi ya mutu, dakika moja, kwa Kiswahili. Ukiweza, na kwa Kibemba ao Kiluba.

6. Njia za kuitana ziwe zaidi ya moja. Namba ya kupiga, namba ya kuandikia ujumbe, na ruhusa ya kuja mwenyewe ao kumutuma mutoto. Saa ya kuonana iandikwe siku zote kwa ujumbe, kwa tarakimu: 12:00 haitageuka kuwa 15:00.

7. Video iwe na maandishi chini yake. Ukionyesha mazoezi ya mugongo, maneno unayosema yaandikwe pia. Usisahau tena ya kama kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni ya mikono, si ya vitabu. Mumarekani mumoja aliyekuwa kiziwi, Andrew Foster, alianza mwaka 1957 huko Ghana kufungua shule za viziwi, na kazi yake ilifika inchi nyingi za Afrika, hata kwetu, wakati wa Zaire. Alikufa mwaka 1987, lakini lugha ya mikono inaendelea. Ukimupata mutu wa kuisema ndani ya video yako, umefanya vizuri sana.

8. Fasi za kugusa ziwe kubwa, na maulizo yawe machache. Weka fasi ya kugusa ya upana wa kidole cha fundi, si cha mutoto. Kila fasi ya kujaza iandikwe wazi: «Jina», «Namba ya telefone», «Siku unayotaka kuja». Mutu akikosea, mwambie amekosea wapi: «Namba imepunguka tarakimu moja.» Usimuandikie tu «Kosa» kwa rangi nyekundu. Wala usimukimbize kwa saa.

9. Sema kweli juu ya nyumba yenyewe. Kuna hatua ngapi za kupanda? Mulango una upana gani? Choo kiko wapi? Mugonjwa anaweza kuja na mutu wa kumusaidia? Bei ni ngapi kwa mara moja? Mutu wa kiti cha magurudumu akijua mbele, hatapoteza safari. Na kama unataka kumuwekea njia ya simenti, kipimo ni hiki: kila sentimita 1 ya kupanda inaomba sentimita 12 za urefu. Hatua ya sentimita 15 inaomba njia ya mita 1 na sentimita 80. Yule anayeweka ubao mufupi wa kusimama wima anatega mutego, hajengi njia.

JARIBU WEWE MWENYEWE

Usiamini macho yako peke yake. Fanya majaribu haya. Hayaombi hata franga moja.

Jaribu la jua: saa sita ya muchana, toka inje na telefone ya bei ndogo. Unasoma? Kama husomi, rangi ni zaifu.

Jaribu la kidole: shika telefone kwa mukono mumoja, vaa ganti ya kazi kisha uivue, na jaribu kugusa kila fasi kwa kidole gumba. Ukigusa mbili kwa mara moja, ziachanishe.

Jaribu la kufunga macho: fungua TalkBack, funga macho, na tafuta saa za kazi na namba. Unapeleka kidole kwa kuume kwenda kwa neno la mbele; unagusa mara mbili kufungua. Kwa telefone nyingi, ukikamata vifungo viwili vya sauti pamoja kwa sekunde chache, inazimika. Jifunze kuizima mbele ya kuiwasha, usije ukasumbuka.

Jaribu la ordinatere: acha souris. Tumia kifungo cha Tab peke yake. Unafika kila fasi? Unaona uko wapi?

Jaribu la mwisho linapita yote: mupe muzee wa kambi, mama asiyejua Kifaransa, ao jirani asiyeona, umwambie: «Baba, nitafutie bei ya masaji.» Kisha nyamaza. Usimuonyeshe. Angalia anapokwama. Pale anapokwama, ndipo mulango umefungwa. Umuombe ruhusa kwanza, na umushukuru, kwa sababu amekufanyia kazi.

«NYUMBA YANGU NI NDOGO»

Tunajua utasema hivyo. Basi, udogo ni bahati yako. Lopitalo kubwa ina kurasa mia za kutengeneza. Wewe unayo moja. Ni kazi ya magaribi moja ao mbili. Anza na jambo la 1 na la 6. Hayo peke yake yatafungulia watu wengi. Juma lingine endelea.

Mwingine atasema: «Kati ya wagonjwa wangu hakuna kipofu wala kiziwi.» Ndugu, watakuja namna gani, kama mulango umefungwa? Butiki iliyofungwa nayo inaweza kusema ya kama hakuna mununuzi.

NA KAZINI JE?

Wewe usiye na nyumba ya afya wala ukurasa, usiseme habari hii haikuhusu. Kanuni ni ile ile kwenye kazi. Kengele ya hatari isiyo na taa haimusaidii mwenye masikio ya kufa. Tangazo la Kifaransa kitupu halimulindi asiyekisoma. Alama ya rangi bila neno ao bila picha inaweza kumudanganya mutu. Ukiona jambo la namna hiyo kwenye timu yako, mwambie mukubwa wa kazi ao mujumbe wa usalama. Ukiona ukurasa wa nyumba ya afya usiosomeka, mwambie mwenyewe kwa upole: «Mama, kazi yako ni nzuri, lakini baba yangu hakuweza kusoma bei.» Wengi watatengeneza, kwa sababu hakuna anayependa kupoteza mugonjwa.

Na vifungio vya masikio, uvae kila siku. Ukurasa muzuri unamusaidia asiyesikia, haurudishi masikio.

UKUMBUKE:

– Maandishi ya kweli, si picha ya maandishi.
– Onyo la hatari pa kwanza.
– Njia zaidi ya moja ya kuitana. Saa kwa tarakimu.
– Rangi za kuachana, herufi za kukua.
– Lugha ya watu, na alama yake.
– Jaribu pamoja na wenye shida wenyewe.

Bandika orodha hii kwenye ukuta, ao mupe kijana anayetengeneza ukurasa wa jirani yako.

AFYA NI YA WOTE: USIFUNGE MULANGO!